Tumemsamehe Fundi Wetu

Karatasi yenyewe ilikuwa moja tu, imechapwa vizuri, ina nembo ya kanisa juu. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi aliitoa mfukoni mwa koti, akaikunjua, akaiweka juu ya cherehani yangu, juu kabisa ya joho la kwaya nililokuwa nalishona, utadhani cherehani ni meza ya baba yake.

"Soma, mama," akasema. "Ni sehemu ya ushuhuda ya Jumapili, kanisa jipya likifunguliwa. Nimeiandika mwenyewe."

Mchungaji alisimama nyuma yake, kofia mkononi, macho sakafuni. Mume wangu alikuwa kitandani kwake, hatua tatu kutoka nilipokaa, maana chumba chetu cha mbele siku hizi ndiyo wodi, ndiyo sebule, ndiyo karakana yangu. Alikuwa amelalia ubavu wa kushoto. Nilikuwa nimemgeuza saa nne, na saa sita ningemgeuza tena.

Nikasoma. Tunamshukuru Mungu kwa hiki, tunamshukuru kwa kile. Sawa. Nikafika katikati: "Tunamkumbuka fundi wetu wa mbao, ambaye kazi yake iliingia hitilafu, roshani ya kwaya ikaanguka, kanisa likapata hasara na yeye mwenyewe akaumia. Kama Wakristo, tumemsamehe fundi wetu, naye leo atatushuhudia juu ya tumaini."

Nikarudia. Tumemsamehe. Nani kamsamehe nani?

Mtaani wananiita Mama Pilipili, na jina hilo sijawahi kulikataa. Lakini siku hiyo nilijizuia. Nilichomeka sindano kwenye kitambaa, nikauliza taratibu kama mtoto wa shule.

"Mwenyekiti, hebu nisaidie. Hapa umeandika kanisa limemsamehe mume wangu?"

"Ndiyo, mama. Ni neno la upendo hilo."

"Kwa kosa gani?"

Akakohoa, akaiweka tai yake sawa. "Tusifukue yaliyopita. Yote yalikuwa mapenzi ya Mungu."

Ala! Hapo ndipo povu liliponitoka. Nilisimama, kisahani cha pini kikaanguka, pini zikatawanyika chumba kizima. "Mapenzi ya Mungu? Yaani Mungu ndiye aliyekuwa na haraka ya kumwonyesha askofu jengo? Mungu ndiye aliyesimama pale na viatu vya kung'aa akitaka miti iliyobeba roshani iondolewe? Usimsingizie Mungu nyumbani kwangu, Mwenyekiti. Mungu hana kamati ya ujenzi!"

"Mama, tafadhali," Mchungaji akasema, "mbele ya mgonjwa..."

"Mgonjwa namgeuza mimi! Wewe uliwahi kumgeuza?"

Akaigeuza kofia yake mkononi. Na mume wangu, kwa sauti yake ile ya siku hizi inayotoka puani, akasema, "Mke wangu, waache. Jumapili nitakwenda."

Mwenyekiti akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeshinda kesi. "Unaona, mama? Fundi ana moyo wa Kristo. Jifunze kwake."

Niliwaonyesha mlango. Mchungaji akaninong'oneza kwamba wangeliombea jambo hilo. Nikamwambia waombe huku wakitembea.

Niwaeleze sasa, maana anayesikia juu juu atadhani mimi ni mwanamke wa kisirani tu. Mume wangu ni fundi mbao wa majengo. Siyo wa vitanda na makabati. Kazi yake ni kutengeneza kalibu ya mbao ambayo zege humwagwa ndani yake, na kusimamisha miti chini ya kuibeba mpaka zege likomae. Zege bichi halijibebi, linabebwa. Ndiyo maana alikuwa na desturi yake, ambayo wenzake walikuwa wakimtania kwayo: zege likishamwagwa, anachukua penseli yake bapa, anaandika kwenye ubao wa pembeni tarehe mbili. Ya juu, siku ya kumwaga. Ya chini, siku ya kung'oa miti. Kisha anaandika jina lake, kwa sababu alisema kazi isiyo na jina haina mwenyewe. Baada ya hapo umletee injinia, umletee waziri, jibu lake ni moja: soma ubao.

Kwa roshani ya kwaya aliandika kwamba imemwagwa tarehe tatu, isiguswe mpaka tarehe ishirini na nne. Basi askofu naye akatuma habari kwamba angepita tarehe kumi na nne. Mwenyekiti akachanganyikiwa. Kanisa limejaa msitu wa miti ndani, askofu atasimama wapi? Jioni ya tarehe kumi na moja mume wangu alirudi nyumbani amenuna, akaniambia, "Anataka nifungue. Nimemkatalia." Kesho yake saa tano asubuhi nikaitwa. Roshani ilikuwa chini, na mume wangu alikuwa chini yake. Tangu siku ile miguu haina habari naye.

Mimi niliamini hivi: Mwenyekiti aliwaleta vibarua wake waing'oe, mume wangu akakimbilia chini kuwazuia. Nani angeniambia tofauti? Vibarua walitawanyika siku ileile, kila mtu na hofu ya kukosa kazi nyingine. Ubao wenye tarehe niliuokota mwenyewe kwenye kifusi, nikaubeba begani mpaka nyumbani. Umesimama kando ya kitanda hadi leo. Upande wa nyuma naandika saa za kumgeuza, kwa penseli yake, maana daktari alisema nikipitisha saa mbili kidonda cha mgongoni kitamla. Na yeye hata kitandani hakuacha ufundi wake. Aliniambia kila nikiandika saa, niandike na jina.

Miezi kumi na moja. Na katika miezi hiyo habari iliyozunguka mtaani ni moja tu, kwamba fundi alikosea miti. Waliokuwa wanamgombania awafanyie kazi sasa wakipita dirishani wanaongeza mwendo. Hata dada yake, wifi yangu, kiongozi wa kwaya, siku hiyohiyo ya karatasi alikuja kujaribu joho, akasimama katikati ya chumba mikono juu nikimpima, akasema, "Kaka alikuwa fundi mzuri, wifi. Siku ile shetani alimpitia tu."

"Shetani gani? Yule wa kuvaa tai?"

"Wifi! Mateso ni darasa. Mungu anatufundisha."

"Basi mwambie mimi nimeshafuzu, anipe cheti nitoke."

Akacheka, akaona mimi sicheki, akaacha. Nilimchoma pini kidogo kwenye kiuno. Nilisema bahati mbaya, na Mungu anajua.

Alipoondoka nilimgeukia mume wangu. Hasira yangu ilishatoka kwa Mwenyekiti, ikamhamia yeye. "Wewe ni mtu wa namna gani? Wanakuja kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, unawaambia utakwenda? Watasoma mbele ya watu wote kwamba wamekusamehe! Watoto wetu watakaa kwenye benchi wasikie baba yao amesamehewa kwa kazi mbovu! Jina lako ndiyo kitu pekee walichokuachia, nalo unawapa?"

Kisha akasema, "Keti."

"Sikai."

"Sikukwambia ukweli wote. Keti."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Akazungumza akiangalia ukuta, maana ubavu wa kushoto unamtazamisha ukutani.

"Asubuhi ile alikuja tena. Nikamwambia asome ubao. Akacheka, mbele ya vibarua wote. Akasema, 'Fundi, wewe unaiamini penseli kuliko Mungu? Hii ni nyumba yake, ataishika mwenyewe.' Na wale vijana wakacheka. Mke wangu, niliona haya. Mimi, mtu wa kanisani toka utoto, niliona haya kuonekana sina imani. Nikachukua nyundo. Mti wa kwanza niliung'oa mimi, kwa mkono huu. Wa pili pia. Wa tatu sikuufikia."

Nilimwangalia kisogo chake kile.

"Nikimtaja yeye," akaendelea, "lazima nijitaje. Na nikijitaja, nabaki na nini? Fundi aliyevunja tarehe yake mwenyewe."

Hapo maneno yakanitoka, na mengine sitayarudia. Nilimwambia miezi kumi na moja nimemlaani mtu nikipika, nikishona, nikisali, kumbe nusu ya laana ilikuwa inatua kitandani kwangu. Nilimwambia yeye ni mjinga, tena mjinga mwenye vipimo. Nikatoka uani, nikaipiga teke ndoo, ndoo ikanipasua kidole cha mguu. Nikalia pale, nikijishika kidole, nikimwambia Mungu: na wewe nawe, kama ulitaka kumfundisha kitu si ungemwita pembeni ukamwambia?

Lakini saa sita ikafika, na kidonda hakina habari na ugomvi wa watu. Nikarudi ndani nikichechemea. Mkono mmoja chini ya bega, mmoja chini ya nyonga, nikamvuta kwangu. Uso wake ukawa karibu na wangu. Alikuwa analia bila sauti.

"Sikiliza," nikamwambia. "Yesu alipofufuka alitoka na makovu yake. Aliwaonyesha wenzake, akawaambia wayaguse. Hakuvaa glavu. Sasa nyinyi mnataka kufungua kanisa jipya lisilo na kovu hata moja? Msamaha wa nini, kama hakuna aliyesema alifanya nini?"

Akapumua. "Jumapili tuubebe ubao."

"Utamtaja?"

"Nitataja kosa."

"La nani?"

Akafumba macho.

Jumapili ilifika. Nilimvisha suti yake ya harusi, ambayo sasa inampwaya, nikamsukuma kwenye kiti cha magurudumu, ubao umelala mapajani pake. Watu mlangoni walitupisha kwa heshima ile ya msibani. Kanisa lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Roshani ya kwaya ilikuwa imejengwa upya, imepakwa rangi nyeupe, na juu yake kwaya imesimama na majoho yangu thelathini. Kila mshono pale juu ulikuwa wangu na kila mmoja niliushona nimekasirika.

Askofu alihubiri. Kisha Mwenyekiti akapanda mimbarini na karatasi yake. Alisoma polepole, akifurahia kila neno. Alipofika "tumemsamehe fundi wetu", watu wakasema amina, na mimi nikauma meno mpaka taya ikalia.

Mume wangu akanyoosha mkono. Mchungaji akamletea kipaza sauti.

"Nina ubao hapa," akasema. "Nitausoma. Imemwagwa tarehe tatu. Isiguswe mpaka tarehe ishirini na nne. Halafu kuna jina langu." Akaligusa kwa kidole. "Tarehe kumi na mbili niling'oa mti wa kwanza kwa mkono wangu, na wa pili. Nilijua siku hazijatimia. Roshani haikuanguka kwa kazi mbovu. Ilianguka kwa sababu niliona haya kusimamia nilichokijua. Naomba mnisamehe kwa hilo, siyo kwa hilo mliloandika."

Akashusha kipaza sauti. Basi! Amemaliza! Nilimfinya bega. "Na yeye?" nikamwambia nimeuma meno. "Na yeye je?" Akaushika mkono wangu akaukandamiza.

Na Mwenyekiti, wallahi sijui mtu huyu alilelewa na nani, alipiga makofi. "Amina! Fundi amekiri mwenyewe! Mungu ni mwema! Kwaya, tuimbieni!"

Mpiga kinanda akagonga sauti ya kwanza. Kwaya haikuimba. Nikatazama juu. Wifi yangu alikuwa amesimama mbele, mkono wa kuongozea hewani, haushuki. Uso wake umekunjamana kama mtu anayepiga hesabu ngumu.

"Kaka," akaita kutoka kule juu, bila kipaza sauti, "wewe toka nikujue hujawahi kung'oa mti kabla ya tarehe. Hata banda la kuku la mama ulituzuia kuligusa. Nani alikuambia ung'oe?"

Mume wangu akainamisha kichwa, hakumtaja. Kinanda kikanyamaza. Watu wote wakageuza shingo kwa mpigo mmoja kumtazama mtu mwenye karatasi. Askofu naye akageuka. Mchungaji, ambaye mwaka mzima sikuwahi kumwona akimtazama Mwenyekiti usoni, akamsogelea mpaka chini ya mimbari.

"Mzee," akasema, "umeulizwa swali."

Nilidhani atakufa na tai shingoni. Akaikunja karatasi mara mbili, mara nne, mpaka ikawa ndogo haikunjiki tena.

"Ni mimi," akasema. Sauti haikufika nyuma. Mtu mmoja akapaza sauti, "Hatusikii!" Akarudia. "Ni mimi. Alinionyesha ubao. Nilimcheka. Nilimwambia hana imani." Akashuka ngazi za mimbari kama mtu asiyeona, akakaa kwenye ya mwisho. "Na nikawaacha mseme amekosea. Miezi yote hii nilikuwa nasikia, nikawaacha."

Basi kanisa likalipuka. Haleluya huku, vigelegele kule, wengine wanalia, wengine wanapunga leso. Walifurahi kana kwamba ukweli huo wameufichua wao. Mtu akapaza sauti: "Wakumbatiane!" Wengine wakaitikia. Mwenyekiti akainuka, akaja, akapiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu. Mume wangu akamvuta kichwa, akakiweka begani pake. "Nilishakusamehe zamani," akamwambia. "Nilikuwa nasubiri tu utaje ni kwa kosa gani."

Hiyo ni haki yake. Mgongo ni wake.

Kisha mzee akasimama, akanigeukia mimi. Machozi usoni, mikono ameifungua. Kanisa zima likasubiri, askofu anatabasamu, na mpiga picha wa kanisa akachuchumaa mbele yangu na kamera yake.

"Shusha mikono, Mwenyekiti," nikasema.

Akaishusha.

"Sijakusamehe. Sitawadanganya watu mbele ya madhabahu mpya. Kwa ulichokisema leo asante, umemrudishia mume wangu jina lake. Lakini kuna mtu anageuzwa kila baada ya saa mbili, na anayegeuza ni mimi, na kiuno changu kimekwisha. Kesho saa nne asubuhi uje nyumbani umgeuze."

"Mimi?" akauliza.

"Hapana, mapenzi ya Mungu."

Huko nyuma mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Nikamsukuma mume wangu nje, ubao ukiwa mapajani pake.

Kwa kweli sikutegemea aje. Jumatatu nilikaa kwenye cherehani nikijiambia, thubutu, mtu wa makoti yule. Saa nne kamili akabisha hodi. Alivaa tai. Nikamwambia aivue, itamkaba, naye akaivua, hakujua pa kuiweka, akaitia mfukoni.

"Shika hapa," nikamwambia. "Siyo hapo, hapo unamvuta ngozi. Mkono chini ya bega. Huo mwingine chini ya nyonga. Mvute kwako. Kwako, Mwenyekiti, usimsukume, siyo gunia la saruji."

Akaigusa nyonga kwa ncha za vidole. Mume wangu akamwambia polepole, "Usiogope, sivunjiki tena." Wakafanikiwa walipojaribu mara ya tatu. Shati likapanda, na mzee akakiona kidonda, kikubwa kama kiganja, kwa mara yake ya kwanza. Akaanza kulia kwa sauti.

"Usinililie hapa," nikasema. "Shusha shati lake, vuta shuka, weka mto magotini. Kulia utalia njiani."

Akafanya. Nikachukua ubao, nikaugeuza upande wa nyuma, nikampa penseli bapa.

"Andika saa. Na jina lako mbele yake."

Aliinama juu ya ubao muda mrefu, mtu aliyezoea kusaini makaratasi kila siku, akaandika herufi moja moja. Nikasoma. Ilikuwa saa nne, na jina lake lote, mpaka la ukoo. Nikauweka ubao mahali pake.

"Sijakusamehe," nikamkumbusha mlangoni.

"Najua, mama."

"Saa sita."

Nikarudi kwenye cherehani. Mara ya kwanza kwa miezi kumi na moja nilishona saa mbili mfululizo bila kutazama saa ya ukutani, na sikutambua hilo mpaka niliposikia hodi.